Kikombe Kilichokataa Kusinyaa

Chumba cha baridi cha taasisi kilikuwa chini kabisa ya jengo, na Sindano hakukipenda tangu siku ile alipoitwa akamkuta Profesa amelala kifudifudi, shavu limegandamana na vigae. Maiti ilikwisha kuondolewa na sakafu ikapigwa deki, lakini hata leo, alipofika mbele ya ule mlango mzito wa chuma, nywele za shingoni zilimsimama. Aliona haya. Mpelelezi wa mauaji miaka yote hii, halafu anaogopa chumba.

Jina la Sindano alipewa na wezi wa mifukoni zamani alipokuwa konstebo, kwa sababu alikuwa mwembamba na alikuwa na tabia ya kuchoma mahali ambapo mtu hakutegemea. Wakubwa zake walilidaka, likamganda. Nyuma yake alisimama Sajini wake, bwana mnene mwenye roho nzuri, ambaye alikuwa amejiegemeza ukutani mbali na mlango.

"Afande, mimi nibaki hapa nilinde ngazi."

"Uzilinde dhidi ya nani?"

"Dhidi yangu. Nisije nikaingia humo."

Mkurugenzi wa taasisi hakucheka. Alikuwa amevaa suti nzuri na alikuwa akijifuta jasho mahali ambapo hapakuwa na joto. "Kwani kesi haijaisha?" aliuliza. "Mtu wenu si mnaye tayari?"

Ni kweli walikuwa naye. Profesa aliuawa na barafu kavu, ile isiyoyeyuka kuwa maji bali hugeuka hewa nzito inayotambaa sakafuni na kuisukuma hewa njema nje. Ndoo za barafu hiyo zilikutwa chini ya meza, na kishikio cha ndani cha mlango kilikuwa kimechomolewa. Aliyepokea barafu siku ile, kwa ajili ya kufungia sampuli za kusafirisha, alikuwa dada yake marehemu, rubani wa mashine ya taasisi inayopiga mbizi kwenye kilindi. Asubuhi ya siku hiyo hiyo watu waliwasikia ndugu hao wakigombana koridoni. Mkuu wa upelelezi alitosheka na hayo. Rubani alikuwa mahabusu, na kabla jua halijazama angesomewa shtaka la kumuua kaka yake.

Sindano peke yake hakutosheka. Alikuwa na mpaka jioni.

Walipoingia, Mkurugenzi alinyoosha mkono ukutani kwa mazoea ya mtu anayeingia ofisini kwake, akawasha taa. Chumba kikajaa mwanga mweupe.

"Zima!"

Sauti ilitoka nyuma ya matangi. Mzee mmoja aliyevaa sweta mbili alijitokeza mbio, akaizima taa mwenyewe, na chumba kikarudia wekundu hafifu wa taa ndogo za pembeni. Alikuwa anahema. "Mara ngapi nimekwambia, Mkurugenzi? Unawaua macho."

Huyu alikuwa mtunzaji wa viumbe. Jengo zima, kuanzia mfagizi hadi Mkurugenzi, lilimwita Baba Mdogo, kwa kuwa ndivyo Profesa na dada yake walivyomwita, na kwao alikuwa baba mdogo hasa: mdogo wake baba yao, aliyewachukua walipofiwa na wazazi, akawasomesha na kuwafundisha kuipenda bahari. Mwanawe mmoja sasa alikuwa kaburini na mwingine mahabusu. Sindano alimpa pole kwa mara nyingine.

"Nimeshapoa," mzee alisema. "Mnisamehe kwa kelele. Huko wanakotoka hawa, jua halijawahi kufika. Macho yao yameumbwa kudaka cheche. Taa nyeupe kwao ni kama wewe umwagiwe maji ya moto usoni. Nyekundu hawaioni. Kwao hapa ni giza, wamestarehe."

Sindano alichungulia tangi la karibu, lililokuwa wazi juu, na alitamani asingechungulia. Dude fulani lenye magamba, lililofanana na mdudu wa chini ya jiwe ila lilikuwa kubwa kama kiatu, liligeuka polepole likamtazama kwa macho yaliyong'aa kama vipande vya kioo. Katika tangi la pili kamba wembamba walikuwa wakitembea kwa ncha za miguu. Baba Mdogo alichovya vidole majini, na kamba mmoja akaja akavishika kama mtoto anavyoshika kidole cha mzazi wake. Mzee alitabasamu. Mle ndani ndiye peke yake aliyekuwa kwao.

Lakini jambo jingine lilikuwa limeshamkera Sindano. Juu ya matangi palikuwa na rafu, na kwenye rafu safu ya vikombe vyeupe vyepesi, vile vya kununulia chai barabarani na kutupa. Katika ule muda mfupi taa nyeupe ilipowaka, aliona mchoro mwekundu kwenye kimoja, cha mwisho upande wa kulia. Sasa aliviangalia vyote, vilikuwa vitupu. Havikuwa na mchoro wala alama. Alijiuliza kama ameanza kuona mambo.

Aliomba radhi, akageukia ukuta, akachomoa kalamu nyekundu mfukoni, akapiga mstari kwenye karatasi nyeupe. Hakuna kilichoonekana. Alipiga mwingine, akakandamiza. Karatasi ilibaki safi. Chini ya taa nyekundu, wino mwekundu na karatasi nyeupe vilikuwa kitu kimoja. Sindano alishusha pumzi. Kumbe akili yake ilikuwa nzima.

"Vikombe vile vya nini, Baba Mdogo?"

"Upuuzi wa mabaharia tu. Hutumia melini kuchezea. Vyenye michoro nilishawarudishia wenyewe, hivyo ni vipya, havijatumika." Alisema hayo bila kuinua macho kutoka kwa kamba wake.

"Na matangi? Kwenye picha tulizopiga siku ya kifo yalikuwa yamefunikwa. Leo yako wazi."

"Huwa nayafunika wakati mwingine. Vumbi."

Chumba kisichokuwa na dirisha kilipata wapi vumbi, Sindano hakuuliza. Alingoja mpaka Mkurugenzi alipoanza tena kuomba msamaha wa taa, akanyoosha mkono, akakichukua kile kikombe cha mwisho kulia na kukitumbukiza ndani ya koti. Alikuwa na haki ya kukichukua waziwazi, ila mkono ulimwongoza vingine. "Nitarudi baada ya chakula," aliaga. "Picha za mwisho, halafu nawaacha mpumzike."

"Karibu sana, mwanangu," alisema Baba Mdogo.

Mahabusu kulikuwa na joto, na Sindano alilifurahia. Rubani aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, mwanamke mfupi mwenye viganja vigumu na macho yaliyovimba. Sajini alimsogezea maji, hakuyagusa. Sindano alikitoa kikombe akakiweka mezani. Kwenye mwanga wa kawaida mchoro ulijitokeza wazi: nyota wa bahari, mwekundu, mwenye miguu sita.

Rubani alikirudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Umekipata wapi?"

"Wewe kwanza. Kimechorwa na nani?"

"Mtoto wa kaka. Alikosea kuhesabu miguu, tukamwambia, akagoma kufuta. Alisema wake ndivyo alivyo." Alijaribu kucheka, kilio kikamtangulia. "Kaka alikitafuta hiki kikombe wiki nzima. Halafu siku ile akaniambia amekipata, na kwamba nisipande tena meli ya ile kampuni ya madini. Nikamwambia asinipangie maisha. Ndio ugomvi wenyewe mnaousema. Ndilo neno la mwisho nililomwambia, afande. Asinipangie maisha."

Alipotulia alieleza, na Sajini aliacha kuandika ili asikilize. Melini walikuwa na mchezo wao. Kila kifaa kinaposhushwa kilindini, watu hufunga vikombe vya namna ile kwa uzi kwenye fremu yake, vimechorwa na watoto au wake zao. Uzito wa maji huko chini huviminya. Kikombe kinashuka kikubwa, kinarudi kidogo kama kofia ya kidole ya fundi cherehani, na mchoro nao umenywea pamoja nacho. Watu huvipeleka nyumbani kama zawadi. Hakuna baharia wa taasisi asiye na kimoja kabatini.

"Hiki kilifungwa kwenye sanduku la kuchotea matope, safari ya kampuni," rubani alisema. "Ile iliyokwenda kuchunguza kama sakafu ya bahari ina uhai, kabla hawajapewa kibali cha kuchimba madini. Sanduku lilitakiwa kufika chini kabisa. Sasa kitazame, kimepungua?"

Sindano alikishika. Kilikuwa kimepungua kidogo tu, kiasi kwamba ukikiweka na vipya hutambui mpaka uvipange bega kwa bega.

"Maana yake?"

"Maana yake sanduku halikufika popote. Walilichovya juu juu, wakaokota mchanga uliokufa karibu na bandari, wakaandika umetoka kilindini. Ripoti inasema kule chini ni jangwa, hamna kitu. Mimi nimeendesha mashine kule, afande. Nimeona. Kuna sifongo wamesimama juu ya yale mawe ya madini kama maua kwenye vyungu, kuna pweza weupe wanaoatamia mayai yao kwa miaka. Jiwe moja la kujaa kiganjani limechukua mamilioni ya miaka kukua. Matrekta yao ya kuchimbia yakipita, yanakwangua kila kitu, na vumbi linawafukia waliobaki. Hakuna kupanda tena. Mimi na wewe na wajukuu zetu hatutaona kikirudi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Naogopa kulisema hata humu."

"Nani alisimamia sampuli safari hiyo?"

"Mimi niliugua, nikashushwa. Kaka alikuwa huku nchi kavu. Alikwenda Baba Mdogo. Wamemdanganya mzee wa watu, macho yake si ya ujana."

Sindano aliuliza kitu kingine, kilichomganda tangu asubuhi. "Matangi ya mle ndani yakifunikwa, sababu nini?"

"Hayafunikwi. Hewa yao inatoka juu." Rubani alikunja uso. "Labda ungeleta barafu kavu mle ndani, jambo ambalo hatufanyi, sampuli nazifungia koridoni dirisha likiwa wazi. Hewa yake ikiingia majini huyachachua. Ndiyo hii hii ya moshi wa viwanda inayoichachua bahari nzima polepole. Kwenye tangi haichukui muda, wanakufa wote." Alimwinulia Sindano macho. "Hawakufa?"

"Wazima kabisa."

Koridoni mtu alikuwa akiburuta ndoo, na mlio wake uliwafanya wote watatu wageuke.

"Kwa hiyo mtu aliwafunika kwanza," rubani alisema taratibu. "Aliwafunika wao, halafu akamuua kaka yangu."

Nje, karibu na gari, Sajini aliuma kucha. Siku nzima ya jana alikuwa akimfukuzia mwakilishi wa kampuni, jamaa wa miwani ya jua ambaye gari lake lilionekana kwenye taasisi siku ya kifo, na alikuwa hataki kumwachia. "Ni yeye, afande. Ana sababu, ana gari, ana miwani."

"Miwani si kosa la jinai. Fikiri. Profesa alikichomeka kati ya vipya kabla hajafa. Aliyeua alikitafuta hiki kikombe, akakikosa kikiwa mbele ya pua yake. Kwa nini alikikosa?"

"Kwa sababu wino hauonekani kwenye taa nyekundu."

"Na kwa nini hakuwasha nyeupe? Mlango umefungwa, hamna anayemwona. Mtu wa kampuni angeiwasha. Mkurugenzi leo ameiwasha bila hata kufikiri. Huyu amemaliza kuua, yuko mbioni kutafuta kitu kinachoweza kumtia kitanzi, na bado mkono wake haukugusa swichi."

Sajini alitafakari, akasononeka. "Basi tumemkaba rubani zaidi. Naye ni mtu wa taa nyekundu."

"Rubani angekitambua kwa kukishika tu, hata gizani. Umemwona alivyoruka."

Hakulitaja jina lililobaki. Sajini alilisoma usoni mwake, naye pia hakulitaja. Ukweli ni kwamba Sindano alikuwa anaogopa, na alijua anachoogopa. Mwizi anaogopa polisi, mlevi mwenye kisu anaogopa mke wake, kila mmoja ana pa kumshikia. Mtu anayeweza kuwafunika samaki kwa upole halafu akamfungia mlango mtoto aliyemlea, unamshika wapi?

Walihitaji sanduku la matope. Kama kipande cha uzi kilikuwa bado kwenye fremu yake, na kama kililingana na nyuzi zilizobaki kwenye tundu la ukingo wa kikombe, mahakama ingekuwa na kitu cha kushika. Mlinzi wa getini aliwaambia Baba Mdogo ametoka kwenda kula. Sindano alimwacha Sajini juu ya ngazi, na amri yake ilikuwa fupi: mzee akirudi, mzuie kwa maneno, mwulize habari za kamba, za miguu yake, za chochote.

"Na wewe ukichelewa?"

"Nikichelewa, shuka."

Sanduku lilikuwa mwisho wa chumba, nyuma ya matangi. Mlango ulijifunga wenyewe nyuma yake kwa uzito wake, ukatoa mlio laini wa mpira. Sindano alitembea akipapasa, akapiga magoti, akamulika kwa tochi aliyoifunika nusu kwa mkono. Uzi ulikuwepo. Kipande kifupi cha rangi ya buluu kilichochanika, kimebana kwenye pembe ya fremu. Alikipiga picha, na moyo wake ulikuwa umeanza kutulia alipoinuka na kujishika kwenye tangi.

Mkono wake uligusa kifuniko.

Alitazama tangi la pili. Limefunikwa. La tatu nalo, na yale ya ukuta wa pili, yote yamefunikwa kwa vioo na kubanwa pembeni kwa utepe. Asubuhi yalikuwa wazi. Hapo ndipo alipotazama miguuni mwake na kuona ukungu, umetanda hadi vifundoni, ukitiririka kutoka chini ya meza. Kichwa kilianza kumgonga. Puani aliingiwa na uchachu kama wa soda iliyompalia.

Alikimbilia mlango. Pale palipotakiwa kuwa na kishikio palikuwa na tundu.

"Usipige kelele, mwanangu. Kelele zinamaliza pumzi."

Baba Mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya matangi ya kamba, mahali ambapo Sindano alipita hatua chache tu kutoka kwake bila kumwona. Mapajani alikuwa na chupa ndogo ya hewa ya wapiga mbizi, na kinyago chake kikining'inia kifuani. Mlinzi alikuwa amemwona akitoka, hakumwona akirudi kwa mlango wa nyuma wa jengo, ule wa chumba cha pampu.

"Vikombe vilikuwa tisa asubuhi, sasa vipo vinane," alisema. "Nimevihesabu ulipoondoka."

"Sajini wangu yuko juu."

"Mlango huu hausikiki juu. Tuliujenga hivyo, kwa ajili yao." Aliongea bila chuki, na hilo ndilo lililomtisha Sindano kuliko ukungu. "Sikutaka. Hata yule sikutaka. Alikuja na kikombe chake, anasema atakwenda nacho kwenye kikao cha kibali. Nilimsihi. Taasisi walikuwa wanakifunga chumba hiki, unajua? Walikuwa wanawamwaga hawa kwenye mtaro. Kampuni ikasema itawajengea nyumba yao, matangi marefu, wahudumu. Nilichotakiwa kufanya ni kuchota mchanga tu."

"Na wale walioko chini? Wote watakaofukiwa?"

"Wale siwezi kuwaokoa. Hawa nawajua."

Kila pumzi aliyovuta Sindano ilimwambia avute nyingine, upesi zaidi, na haikumpa kitu. Picha ya Profesa akiwa kifudifudi ilimjia, naye akaelewa kwamba yule bwana alikufa akiwa anatazama chini ya mlango, akitafuta upenyo. Mkono wake ulikuwa ukutani, ukipapasa kishikio kisichokuwepo, na kidole kikagusa kitu kingine.

Swichi.

Akaiwasha.

Mwanga ulimpiga hata yeye. Ndani ya matangi kulizuka vurugu: kamba walirukia vioo, lile dude la magamba likajikunja kama ngumi. Baba Mdogo alisimama kwa ghafla, chupa ikamdondoka ikabingirika. "Zima. Zima, tafadhali."

"Fungua mlango."

"Utawapofusha. Zima kwanza, nitafungua."

"Fungua kwanza, ndipo nizime." Aliigandamiza swichi kwa mgongo, mzee asiweze kuifikia bila kumng'oa. Midomo yake ilikuwa imeanza kufa ganzi. "Mimi nikianguka hapa nitaangukia hii hii swichi, Baba Mdogo. Mpaka unisogeze, mwanga unawaka. Chagua."

Mzee alimjia. Sindano aliona mikono yake, mikubwa kuliko alivyoikumbuka, na kwa muda aliamini kwamba amekosea hesabu na kwamba atafia mle. Kisha kamba mmoja aligonga kioo, mlio mdogo tu, na mzee akasimama. Alitazama tangi. Alimtazama Sindano. Uso wake uliparaganyika kama wa mtu anayeletewa habari ya msiba.

"Wataka nini zaidi ya kufungua?" aliuliza kwa sauti ya kuvunjika.

"Hakuna. Fungua."

Alichomoa kishikio mfukoni, akakitia kwenye tundu lake, akazungusha. Hewa ya koridoni iliingia, na Sindano alianguka nayo nje, akiita jina ambalo halikuwa jina, cheo tu, mpaka Sajini alipofika anabiringika ngazi kwa ngazi. Mle ndani Baba Mdogo alikuwa ameshaizima taa. Alikuwa anabandua tepe kwenye kifuniko cha kamba, akiinama kuwachungulia. Sajini alipomfunga pingu hakupinga. Alitaka tu kujua nani atawalisha jioni.

Alirudia kila kitu mbele ya Sajini na mbele ya Mkurugenzi, taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya dukani. Sindano, aliyekuwa amekaa ngazini na kichwa katikati ya magoti, alimwuliza swali moja. "Na yule binti uliyemlea? Ulikuwa umwachie afungwe?"

Baba Mdogo alifikiri. Ilionekana wazi kwamba hakuwa amewahi kulifikiria mpaka hapo. "Yeye ni mtu mzima," alisema.

Jua lilikuwa bado halijazama Sindano aliporudi mahabusu. Karatasi za kumwachia rubani zilikuwa zimetiwa saini na mkuu wa upelelezi, aliyefanya hivyo bila kumtazama usoni. Kikao cha kibali kilikuwa kimeahirishwa. Kifua kilimuuma bado, na askari wa zamu alimfungulia mlango.

Rubani alisimama alipomwona. Alisoma habari usoni mwake kabla haijatamkwa, kwa namna wafungwa wanavyoisoma, akaketi tena na kulia, uso ameufunika kwa mikono yote miwili. Sindano alingoja. Hakuwa na haraka ya kufika kwenye kile kilichofuata.

"Ni nani?" rubani aliuliza. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, usiniambie sasa hivi. Nitakapokuwa nje. Nitolee tu simu yangu, afande, ama niazime yako." Alijifuta uso kwa kiganja, akajaribu kuchana nywele kwa vidole, akitaka aonekane mtu anayeweza kwenda nyumbani. "Nataka nimpigie Baba Mdogo aje anichukue. Sasa hivi sina mwingine ila yeye."

Simu ilikuwa mkononi mwa Sindano. Alivuta kiti, akaketi mbele ya yule mwanamke, akaiweka simu mapajani.